Lou Pearlman: vijana walikuwa chambo, pesa ilikuwa ya wazee

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila jina la Lou Pearlman linapotajwa, hadithi inayosimuliwa ni ile ile: kulikuwa na meneja mwenye jicho la kipekee, akaunda makundi ya vijana waimbaji ya Marekani, Backstreet Boys na NSYNC, kisha tamaa ikamwingia akaanza kuiba. Nimeisikia mno, na kila nikiisikia inanichoma, maana imeanzia katikati. Wizi ulitangulia. Bendi zilikuja baadaye, na zilijengwa kwa pesa ya watu. Kazi yangu mimi ni hesabu, nashinda na vitabu vya mapato na matumizi kutwa nzima, kwa hiyo naomba niieleze hii kesi kwa mpangilio ambao pesa yenyewe inauonyesha. Uzi ni mrefu, nitaweka vipande vipande. Mwenye swali aulize hapo hapo.

Tuanze na maputo.

Pearlman alizaliwa mwaka 1954 huko Flushing, Queens, jijini New York. Mwimbaji Art Garfunkel ni binamu yake. Lakini biashara iliyomwingiza mjini haikuwa ya muziki. Alipenda yale maputo marefu ya gesi yanayopita angani yakiwa na tangazo ubavuni. Mwaka 1980 aliikodisha kampuni ya jinzi ya Jordache puto ambalo bado hakuwa nalo. Alichukua pesa yao, akatengeneza puto kwa pesa hiyo hiyo, na puto likaanguka huko New Jersey mara tu baada ya kupaa. Ikafuata kesi ya bima iliyochukua miaka, na mwishowe mahakama ikaamua alipwe dola milioni 2.5.

Hapo naomba tusimame kidogo. Mtu kakodisha kitu asichonacho, kakitengeneza kwa pesa ya mteja, kitu kimeanguka, na yeye ndiye aliyeondoka na mzigo. Wakati huo Nick Carter, yule mdogo wao kuliko wote wa Backstreet Boys, alikuwa mtoto mchanga ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja. Mbinu nzima ilishakamilika kabla mtoto hajajifunza kutembea, seuze kuimba.

Mwaka 1985 kampuni yake ya maputo ikaingia kuuza hisa kwa umma, ikakusanya dola milioni 3. Hisa zilifika dola 6. Kisha mteja mmoja akaondoka, maputo yake matatu yakaharibika, na bei ikashuka mpaka senti 3. Waliobaki nazo mkononi walibaki na karatasi. Yeye mwaka 1991 alikuwa ameshahamia Orlando, Florida, na alikuwa na jina jipya la kujitambulisha: mwenye shirika la ndege.

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Kipande cha pili, na kwangu ndicho moyo wa uzi huu.

Shirika la ndege liliitwa Trans Continental Airlines. Wawekezaji waliambiwa lina ndege nyingi, linakodisha kwa wateja wakubwa, linatengeneza faida. Kulikuwa na kijitabu cha rangi chenye picha ya ndege kubwa iliyoandikwa jina la kampuni. Ile ndege ya pichani ilikuwa ya kuchezea, ile ya kuunga kwa gundi, imepigwa picha kwa ukaribu ili ionekane kubwa. Shirika lenyewe lilikuwa la kwenye makaratasi.

Sasa juu ya shirika hilo lisilokuwepo akajenga mpango wa akiba aliouita Employee Investment Savings Account. Jina hilo mlitazame vizuri. Linasikika kama mfuko wa akiba wa wafanyakazi wa kampuni kubwa, na mtu wa nje akikaribishwa humo anajiona amepewa upendeleo. Waliokuja kuomba pesa hawakuja na maneno ya utajiri wa haraka. Riba waliyoahidi ilizidi kidogo tu ile ya benki. Mkuu wa familia aliyestaafu, mwenye pesa yake ya kiinua mgongo, hakuwa anacheza kamari. Alikuwa anatafuta mahali pa salama panapolipa kidogo zaidi. Ndiyo maana ukimwambia leo kwamba alikuwa na tamaa unamwonea.

Na aliambiwa amana yake imekatiwa bima. Walitaja FDIC, chombo cha serikali ya Marekani kinacholinda amana za watu benki ikifilisika. Walitaja kampuni ya bima ya AIG, walitaja soko la bima la Lloyd's ya London. Yote ilikuwa uongo. FDIC hulinda amana zilizo kwenye benki zilizosajiliwa nayo. Kampuni ya ndege, hata ingekuwa na ndege za kweli mia moja, haiwezi kuipa akiba yako kinga hiyo. Lakini ukikabidhiwa karatasi nzuri, na anayekukabidhi ni mtu unayemwamini, nani anakwenda kusoma sheria ya bima?

Pesa iliyoingia ilifanya kazi mbili. Sehemu iliwalipa riba waliotangulia, kama upatu haramu wowote unavyokwenda: wa jana analipwa kwa jasho la wa leo. Ni mtindo uliopewa jina la Charles Ponzi, aliyeutikisa mji wa Boston mwaka 1920. Sehemu nyingine ilikwenda kwenye maisha na miradi ya Pearlman. Na mradi mmojawapo ulikuwa wa vijana watano wanaoimba.

Mpenda Kanda

Mkuu, kwa hiyo unataka kusema zile nyimbo tulizozipenda utotoni zimelipiwa na wastaafu? Mimi nilidhani alikuwa tajiri kwanza kwa sababu ya ndege, ndipo akaingia muziki.

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Ndivyo alivyotaka tudhani, kaka. Hadithi aliyoipenda kuisimulia ni kwamba aliwakodishia ndege kundi la waimbaji la New Kids on the Block, akashangaa vijana wale wanapata wapi pesa ya kukodi, akauliza, akaambiwa kuhusu kaseti, ziara na fulana. Akaamua naye aunde kundi lake. Inasemekana alimwaga dola milioni 3 kutafuta vipaji na kuwalea kabla hawajarudisha hata senti. Sasa mimi wa hesabu nauliza swali dogo: shirika la ndege halipo, kampuni ya maputo inaporomoka, hizo milioni 3 zimetoka mfuko gani? Mfuko uliokuwa unajaa bila kufanya biashara yoyote ulikuwa ule wa akiba za watu.

Backstreet Boys walipatikana kwa matangazo na usaili huko Orlando. Jina lilitokana na soko la mitumba la mji huo. Onyesho lao la kwanza lilifanyika Mei 1993 kwenye bustani ya SeaWorld, na SeaWorld huyo huyo alikuwa mteja wa maputo ya Pearlman. Mnaona jinsi kamba moja inavyofungwa kwenye nyingine.

Walianza kupendwa Ulaya, hasa Ujerumani, kabla Marekani haijawasikiliza. Na hapa ndipo ninapoomba muelewe neno chambo nililoliweka kwenye kichwa cha uzi. Vijana walipokuwa maarufu, umaarufu wao ukarudi kuwa dhamana ya ule mpango wa akiba. Mzee akiingia ofisini Orlando anakuta kuta zimejaa rekodi za dhahabu na za platinamu. Ametoka nyumbani akiwa na wasiwasi, na mjukuu wake ana picha ya vijana wale chumbani. Ataanzaje kumshuku mwenye vijana wale? Rekodi ukutani zilikuwa za kweli. Uongo wote ulisimama nyuma ya kitu kimoja cha kweli, na kitu hicho kilikuwa sauti za watoto wa watu.

Sauti ya Nne

Nakubaliana na mengi ila hapa nitakupinga kwa heshima. Bila Pearlman tusingewajua hawa vijana. Wengi walikuwa watoto wa familia za kawaida. Aliwalipia walimu wa sauti, walimu wa kucheza, nyumba, nguo. Hata Lance Bass wa NSYNC alipopata habari za msiba wake mwaka 2016 alikiri hadharani kwamba asingefika alipo bila yeye. Tuwe waadilifu.

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Nimekuelewa, na sitaki kumnyima mtu haki yake. Jicho la vipaji alikuwa nalo. Johnny na Donna Wright aliowaweka kuwasimamia vijana walikuwa watu wa kazi wanaoijua. Lakini "aliwalipia" ni neno zito kwa mtu wa hesabu, hebu tulifungue.

Katika mikataba ya muziki pesa anayoitoa lebo au meneja mwanzoni haiwi zawadi. Ni deni. Nyumba, walimu, nguo, studio, nauli, hata chakula cha kwenye sherehe ya kukupongeza, vyote vinaandikwa upande wa gharama na vinakatwa kwenye mapato yako kabla hujaonja chochote. Hilo ni la kawaida duniani kote, na lenyewe si dhambi. Ubaya ni pale anayeandika gharama, anayepokea mapato na anayekuwakilisha wewe katika kudai mapato hayo ni mtu mmoja.

Pearlman alikuwa meneja, anachukua sehemu ya meneja. Alikuwa mtayarishaji, anachukua ya mtayarishaji. Kampuni ya rekodi ilikuwa yake. Juu ya hayo yote, mkataba ulimhesabu kama mwanachama wa sita wa kundi la watu watano! Yaani baada ya kukata kila alichokata kwa kofia nyingine, kilichobaki cha vijana kinagawanywa kwa sita, na fungu moja ni lake tena.

Brian Littrell wa Backstreet Boys ndiye aliyekuwa wa kwanza kushtuka. Alizaliwa na tatizo la moyo, na upasuaji wake uliahirishwa kupisha ratiba ya ziara mpaka ukafanyika Mei 1998. Fikiria kijana anapanda jukwaani akijua moyo wake unasubiri kisu, halafu usiku anahesabu alichopata na hesabu haikubali. Alikwenda kwa mwanasheria peke yake, wenzake wakafuata. Katika kesi ya mwaka 1998 walidai kwamba tangu 1993 Pearlman na kampuni yake walikuwa wamechukua kama dola milioni 10, na wao watano kwa pamoja wamepata laki tatu.

Laki tatu gawa kwa tano ni elfu sitini. Gawa kwa miaka mitano ni dola elfu kumi na mbili kwa mwaka kwa kila mmoja. Wakati huo walikuwa wanajaza kumbi za Ulaya.

Mama Mirabaha

Wana wangu, nimefanya kazi na wanamuziki muda mrefu na nitaongeza kitu kimoja tu. Kijana wa miaka kumi na sita hasaini mkataba peke yake, mzazi anasaini pamoja naye. Nimewaona wazazi wale. Wanasoma ukurasa wa kwanza kwa makini, wa pili kwa haraka, na kuanzia wa tatu wanamtazama mtoto usoni. Mtoto anang'aa kwa furaha. Kalamu inashushwa. Anayemlaumu mzazi hajawahi kukaa kwenye kiti kile.

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Ahsante sana mama, umesema jambo ambalo hesabu haziwezi kulisema.

Na kwa NSYNC ilikuwa hivyo hivyo, ila hapo kuna tukio moja nataka kulisimulia taratibu.

Kundi liliundwa Orlando mwaka 1995: Justin Timberlake, JC Chasez, Chris Kirkpatrick, Joey Fatone na Lance Bass. Wakati Backstreet Boys wanaamini wao ndio wana pekee wa nyumba, baba yao alikuwa anawalea wengine nyumba ya pili. Aliona kwamba soko likiwapenda watano litahitaji watano wengine wa kushindana nao, na bora faida ya pande zote mbili iingie kwake.

NSYNC walifanya kazi karibu miaka mitatu kwa posho. Bass ameeleza kwamba ilikuwa dola 35 kwa siku. Kisha wakauza mamilioni ya albamu, na ikapangwa hafla ya chakula cha jioni, familia zikaalikwa, kwa ajili ya kukabidhiwa hundi zao za kwanza. Chumba cha fahari, watu wamevaa vizuri, akina mama wamekaa karibu na wanao. Kila kijana kakabidhiwa bahasha. Bass kafungua yake akiwa tayari amejipangia mengi kichwani, na ndani kakuta dola 10,000. Miaka ya kazi, mamilioni ya nakala, elfu kumi. Ameeleza kwamba alirudi chumbani hotelini akaichana ile hundi.

Mimi huwa nafikiria ule ukimya wa mezani. Mtu kafungua bahasha mbele ya mama yake, na inabidi atabasamu kwa sababu aliyeitoa amekaa hapo hapo anasubiri shukrani.

Baada ya hapo mjomba wake JC, ambaye ni mwanasheria, akausoma mkataba. Mwaka 1999 vita ikaingia mahakamani. Pearlman na kampuni ya rekodi ya BMG waliwadai vijana dola milioni 150 na wakataka wazuiwe kutumia jina la kundi. Jaji wa Orlando akakataa kutoa zuio hilo, na mwezi Desemba wakamalizana nje ya mahakama. Vijana wakahamia kampuni ya rekodi ya Jive, na albamu iliyofuata, Machi 2000, iliuza nakala milioni 2.4 Marekani kwa wiki moja ya kwanza.

Wakili Kijana

Hapo nina swali la kisheria. Kama mwaka 1998 na 1999 haya yote yalishamwagwa mahakamani, mbona alikamatwa 2007? Miaka minane mamlaka zilikuwa wapi?

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Swali zuri na linauma. Kesi za bendi zilikuwa za madai. Zilihusu mgawanyo wa mapato ya muziki, zikaisha kwa makubaliano, na makubaliano ya namna hiyo huwa hayafungui vitabu vya upande wa pili. Hakuna aliyekwenda kuuliza: na hii akiba ya wazee iko wapi?

Kwa macho ya watu wa nje yeye alionekana yuko kileleni. Mwaka 2000 televisheni ya ABC ilianza kuonyesha kipindi cha kutafuta waimbaji kilichozaa kundi la O-Town. Mwaka 2002 alinunua Church Street Station, eneo la starehe katikati ya Orlando. Alianzisha pia biashara ya kutafuta wanamitindo iliyolalamikiwa na wengi waliolipa ada wakaishia kusubiri simu.

Lakini tuangalie kwa ndani. Makundi mawili yenye faida ya kweli yamekwisha kuondoka. Wazee bado wanatakiwa kulipwa riba kila mwezi. Yeye akaongeza mikopo ya benki, akawapelekea taarifa za fedha za kughushi na marejesho ya kodi ya kughushi, na benki zikakopesha. Upatu haramu ndivyo unavyozeeka: unavyoendelea kuishi ndivyo unavyohitaji pesa mpya nyingi zaidi, na siku waliokuja kutoa wanawazidi waliokuja kuweka, umekwisha. Siku hizo zilifika mwaka 2006. Watu walidai akiba zao wakaanza kupewa visingizio. Jimbo la Florida likaenda mahakamani, na Februari 2007 jaji akaikabidhi kampuni kwa msimamizi. Wakati huo Pearlman alikuwa ameshaondoka Marekani. Alionekana Ujerumani, kisha akapotea.

Mpenda Kanda

Na huko Bali ilikuwaje? Niliwahi kusikia kuwa alijiandikisha hotelini kwa jina la ajabu.

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Ni kweli. Alikuwa Nusa Dua, kisiwani Bali, Indonesia, kwenye hoteli ya watalii, kwa jina la A. Incognito Johnson. Mtalii mmoja Mjerumani aliyekuwa likizo na mkewe akamtambua. Ujerumani walimjua kwa sura, maana kule ndiko vijana wake walikoanza kupendwa na yeye mwenyewe alikuwa akionekana. Habari zikawafikia wachunguzi wa Marekani, na tarehe 14 Juni 2007 akakamatwa. Akapelekwa Guam, kisiwa kilicho chini ya Marekani, kisha akarejeshwa Florida. Ile nchi iliyomfanyia vijana wake jina ndiyo iliyotoa jicho lililomtambua.

Mwezi huo huo mashtaka yakafunguliwa. Machi 2008 alikiri makosa: njama, utakatishaji wa fedha, na kutoa madai ya uongo kwenye shauri la ufilisi. Tarehe 21 Mei 2008 Jaji G. Kendall Sharp akamhukumu miaka 25. Hasara kwa jumla, wawekezaji na benki, ilizidi dola milioni 300.

Sasa sikilizeni nyongeza ya ile hukumu, kwa sababu sijawahi kuona hesabu iliyoandikwa kwa uwazi namna hii. Miaka 25 ni miezi 300. Jaji alisema kila dola milioni moja atakayowezesha kurudi kwa waathirika itampunguzia mwezi mmoja. Hasara milioni mia tatu, kifungo miezi mia tatu. Kama kuna pesa uliyoificha mahali, ufunguo wa gereza ni huo, kauchukue.

Wakili Kijana

Alirudisha?

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Mlango haukufunguka. Tarehe ya kutoka ilibaki kwenye kumbukumbu za magereza kuwa Machi 2029. Mwaka 2010 alipata kiharusi akiwa kifungoni, na tarehe 19 Agosti 2016 akafariki huko Miami akiwa bado mfungwa, na umri wa miaka 62. Kwa maoni yangu hakuwa na cha kurudisha. Watu hufikiri pesa ya namna hii imefukiwa mahali. Nyingi haifukiwi. Imelipa riba ya watu wengine, imelipa mishahara, nyumba, ndege za kukodi, mawakili, na majaribio ya makundi ambayo hamkuwahi kuyasikia.

Sauti ya Nne

Basi naomba niondoe nusu ya nilichosema juu. Shukrani ya Lance Bass ni yake na ana haki nayo. Mimi nilikuwa natoa shukrani kwa niaba ya watu ambao pesa ilikuwa yao. Hao wastaafu walipata nini mwisho?

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Sehemu ndogo, ndugu yangu. Msimamizi wa ufilisi aliuza kilichokuwepo, kuanzia majengo mpaka vitu vya ukumbusho, na kufuatilia madeni. Na kuna ukatili mmoja ulio ndani ya sheria za ufilisi za Marekani ambao wengi hawaujui. Ukishathibitika kuwa mpango ulikuwa upatu, aliyetoa zaidi ya alichoweka anaweza kudaiwa ile ziada arudishe, ili wagawane na waliopoteza vyote. Kwa sheria ni haki: ile riba ilikuwa akiba ya mwenzako. Lakini chukua bibi wa miaka themanini aliyekuwa analipia dawa zake kwa riba hiyo kwa miaka kumi bila kujua chochote, halafu anapokea barua ya mwanasheria. Wengi wa walioumizwa walikuwa watu wa umri huo. Wengine walikuwa rafiki zake wa tangu ujana na jamaa zake. Waimbaji waliporwa wakiwa na miaka ishirini, na miaka ya kuimba bado ilikuwepo mbele. Mzee wa miaka sabini na tano hana albamu ya pili.

Mama Mirabaha

Mwanangu, nimeusoma wote. Nina swali la mwisho. Katika watu wote hao, mamia kwa mamia, hakuna hata mmoja aliyepiga simu kukagua? Mimi ningepiga.

Karani Kalamu (mtoa uzi)

Mama, kulikuwa na namba ya kupiga, na mtu mwangalifu angeipiga.

Taarifa za fedha za kampuni zilikuwa zimekaguliwa, na jina la wakaguzi lilikuwa pale chini: Cohen & Siegel. Zilikuwa na muhuri wa maneno yanayotakiwa, zimepangwa kama hesabu zilizokaguliwa zinavyopangwa. Mimi ningepewa ile karatasi bila kujua lolote ningetazama jumla, ningetazama sahihi, ningeona imekaa sawa. Maofisa wa mikopo wa benki, watu waliosomea kazi hiyo, walizitazama wakaidhinisha mamilioni.

Kampuni ya wakaguzi yenye jina hilo haikuwepo. Kulikuwa na anwani huko Coral Gables na huduma ya kupokea simu iliyolipiwa. Ukipiga, simu inaita, inapokelewa, unatajiwa jina la kampuni kwa sauti ya adabu, na ujumbe wako unaandikwa.